Vipimo Visivyotungiwa Sheria: Historia ya Bodi Mbadala ya Kibodi

Katika kibodi ya kimakanika, yaani ile ambayo kila kitufe kina swichi yake yenye springi badala ya vitufe vyote kulalia shiti moja ya mpira, bodi ya saketi ndiyo sehemu ambayo aghalabu hutangulia kufa. Kasha lililochongwa kwa aluminiamu linaweza kukaa miaka mingi bila kupungukiwa na chochote isipokuwa rangi. Swichi za kampuni ya Cherry zilitangazwa kwa muda mrefu kuwa zinavumilia mibonyezo milioni 50 kila moja. Na kofia za vitufe, hasa zile za plastiki nzito, huhamishwa kutoka kibodi hii hadi ile kama vyombo vya nyumba vinavyohama na mwenyewe. Bodi haina uvumilivu huo. Njia zake za umeme ni utando wa shaba wenye unene wa takribani mikromita 35, uliobandikwa juu ya ubao wa nyuzi za kioo na gundi ngumu, na joto la chuma cha kulehemu likizidi kidogo wakati swichi inang'olewa, duara la shaba linalozunguka tundu hubanduka pamoja na pini na njia ikakatika. Mlango wa kuchomekea waya wa USB hulegea kwa kuvutwavutwa, chai iliyomwagika huila shaba polepole, na cheche moja ya umeme tuli kutoka kidoleni inaweza kuiua chipu papo hapo. Anayefikwa na hayo hubaki na kasha zima, swichi nzima na kofia nzima, vyote vikingoja kipande kimoja ambacho mara nyingi hakitengenezwi tena.

Swali la bodi gani nyingine itaingia katika kasha hilo lina sura ya kiufundi, lakini jibu lake ni la kihistoria. Hakuna shirika la viwango lililokaa na kuamua bodi ya kibodi ya namna hii iwe na upana gani, matundu ya skrubu yawe wapi, au mlango wa USB utokee upande upi. Vipimo vinavyofuatwa leo vilitokana na bidhaa chache mahususi ambazo waliozitengeneza hawakukusudia kuiwekea dunia kanuni. Watu wengine wakavipima upya kwa kalipa, wakavichora, wakaviiga, mpaka vikawa na nguvu ya sheria ingawa hakuna aliyevitunga kama sheria. Kwa hiyo anayetafuta bodi mbadala hana budi kwanza kujua kasha lake ni la ukoo wa bidhaa ipi.

Kabla ya kuingia katika koo hizo inafaa kueleza bodi yenyewe hufanya nini, kwa sababu mengi yaliyotokea baadaye yalitokana na hesabu yake. Kibodi ndogo yenye vitufe 61 ingehitaji chipu yenye miguu 61 kama kila swichi ingepewa waya wake, na chipu ya namna hiyo ni ghali na ni kubwa. Badala yake swichi hupangwa katika safu na safuwima, na chipu huipelekea umeme safu moja baada ya nyingine ikitazama ni safuwima ipi imejibu. Safu 5 na safuwima 14 huhitaji miguu 19 tu, ilhali zina makutano 70, yanayotosha vitufe vyote na kubakiza. Mpangilio huo una kasoro moja: vitufe vitatu vilivyo katika pembe za mstatili mmoja vikibonyezwa pamoja, umeme hurudi kinyume kupitia swichi iliyofungwa na chipu huona kitufe cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Dawa yake ni diodi, kifaa kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, na ndiyo maana bodi nzuri huwa na diodi moja pembeni mwa kila swichi. Bodi, basi, ni mambo mawili kwa pamoja: ni ubao unaoshikilia swichi mahali pake, na ni saketi inayozisoma. Historia ya bodi mbadala ni historia ya watu waliokuja kutambua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Katika kibodi za IBM hayakuwa yakitenganishwa. Kibodi iliyouzwa pamoja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981, inayojulikana kama Model F, ilikuwa na springi zinazojikunja juu ya bodi ambayo haikuguswa na chuma chochote, kwani ilipima badiliko la uwezo wa kuhifadhi chaji kila kikanyagio kilipoinamia vidoa vyake vya shaba, na chipu ya Intel 8048 ndiyo iliyotafsiri badiliko hilo. Miaka minne baadaye ilifuata Model M, ambayo ilibakiza springi lakini ikabadilisha bodi kwa matabaka ya plastiki yaliyochapwa njia za umeme, yote yakiwa yamebanwa kwa ncha za plastiki zilizoyeyushwa kiwandani. Uamuzi huo ulipunguza gharama, ukaifanya kibodi kuwa kitu cha kufungwa mara moja: ncha zikikatika kwa uzee, na hukatika, hakuna skrubu ya kukaza. Kiwanda cha Lexington, Kentucky, kilipita mikononi mwa Lexmark mwaka 1991, na kuanzia 1996 kampuni ya Unicomp ikaendeleza kazi hiyo hapohapo mjini, kwa hiyo mwenye Model M amekuwa na mahali pa kuuliza vipuri kwa zaidi ya kizazi kimoja. Ni bahati ambayo kibodi nyingine chache zimekuwa nayo.

Wenye Model F hawakuwa nayo. Baadhi ya kibodi hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya vituo vya benki vya mfumo wa IBM 4704, na zilizungumza na mashine zao kwa lugha ambayo kompyuta za baadaye haziielewi kabisa, ingawa springi zake, bodi yake ya kuhisi na kasha lake la chuma vilikuwa bado imara. Wapenzi wa kibodi hizo walifanya jambo ambalo lingekuwa na matokeo makubwa kuliko walivyodhani: waliiacha bodi ya kuhisi mahali pake, wakaiondoa sehemu ya kufikiri, wakaunda kidhibiti kipya kidogo kinachopima chaji na kuzungumza USB. Hapo kibodi iliyokuwa imetelekezwa na kiwanda chake ilipewa ubongo mwingine na watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kiwanda hicho.

Kufikia wakati huo, upande wa pili wa bodi, ule wa kushikilia swichi, ulikuwa umekwisha kupata kipimo kitakachowaunganisha karibu wote. Cherry ilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Illinois, Marekani, ikaja kuhamishia kitovu cha kazi yake Ujerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoa swichi ya familia ya MX. Swichi hiyo hukaa katika tundu la mraba la milimita 14 lililokatwa kwenye bamba la chuma lenye unene wa milimita 1.5, na chini yake ina kigingi cha plastiki cha milimita 4 pamoja na pini mbili za shaba ambazo zimewekwa kwa mshazari, moja juu kidogo ya nyingine, ili zisiweze kuingizwa kinyume. Mshindani wake mkubwa wa enzi hizo, Alps Electric ya Japani, alitumia tundu la mstatili la milimita 15.5 kwa 12.8, na swichi zake zilikuwa ndani ya kibodi mashuhuri kama Apple Extended Keyboard ya mwaka 1987. Mtu anayezilinganisha swichi hizo mbili kwa kuzibonyeza anaweza kupendelea yoyote kati yake, na wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba zile za Alps za miaka hiyo hazijapata mpinzani. Lakini Alps iliacha kutengeneza swichi hizo, Cherry haikuacha, na hataza za msingi za MX zilipokwisha muda wake viwanda vya China kama Kailh na Gateron vilikuwa tayari vikitoa swichi zenye miguu ileile ya Cherry. Aliyechora bodi kwa ajili ya miguu hiyo alijua kwamba haitakosa swichi. Umbali kati ya kitufe na kitufe nao ulikuwa umekwisha kuzoeleka tangu enzi za mashine za kuandikia: robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, umbali ambao wenye kazi hii huuita yuniti moja na kuutumia kupimia upana wa kila kofia.

Mahali pa kwanza ambapo vipimo hivi vilizaa utamaduni wa kibodi za kuagizwa, zile ambazo mtu hujitengenezea kasha kama anayeshonesha nguo kwa fundi, ni Korea Kusini. Kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii waundaji wa huko walikuwa wakichonga makasha ya aluminiamu kwa idadi ndogo, wakivua swichi kutoka kibodi kuukuu za Cherry na kuzipandikiza katika makasha hayo, na muda si mrefu wakaanza kuchora bodi zao wenyewe. Duka la Winkeyless, ambalo jina lake linatokana na mpangilio wa vitufe wa kabla ya Microsoft kuleta kitufe cha Windows, lilitoa bodi kama b.87 na b.face, zilizokuwa za bei nafuu kwa sababu zilitumia chipu ya ATmega32A isiyo na USB ndani yake. Lugha ya USB iliigizwa kwa programu peke yake, kwa njia iitwayo V-USB. Bodi hizo zilikuwa na udhaifu wake, lakini zilipatikana, na kupatikana ni sifa ambayo katika kazi hii huishinda karibu kila sifa nyingine. Waliochonga makasha baada ya hapo waliona afadhali kuuweka mlango wa USB pale ulipokuwa kwenye bodi iliyokuwa ikiuzwa tayari, na waliochora bodi mpya miaka iliyofuata waliona afadhali kuufuata mlango wa makasha hayo.

Japani ilichangia kwa njia tofauti. Mwaka 1996 kampuni ya PFU ilianza kuuza kibodi ndogo ya Happy Hacking Keyboard, iliyotokana na mawazo ya Profesa Eiiti Wada wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambaye aliamini kwamba kibodi ni kitu cha mtu binafsi kinachopaswa kudumu kuliko kompyuta anayoitumia. Matoleo yake kadhaa ya baadaye yalikuwa mazuri kuguswa lakini hayakumruhusu mwenyewe kubadilisha kitufe kipi kifanye nini. Mtunzi wa programu Jun Wako aliunda kidhibiti mbadala cha kuwekwa ndani ya kibodi hiyo, na programu aliyoiandika, TMK, aliiacha wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha. Kutoka kwa TMK, katikati ya miaka ya 2010, Jack Humbert alianzisha tawi lililokua na kuitwa QMK, ambalo leo linaendesha bodi za kila aina. Mchango huu ni wa kina kuliko unavyoonekana, kwa kuwa bodi inayoingia vizuri katika kasha lakini isiyo na programu ni kipande cha ubao tu. Mapema, bodi nyingi zilikuja na programu iliyofungwa ambayo muuzaji peke yake aliijua, na muuzaji alipoondoka sokoni aliondoka na ufunguo.

Bodi ambayo inastahili kuhesabiwa kuwa mbadala kwa maana kamili ya neno, yaani iliyochorwa makusudi iingie katika kasha la kiwanda na kuchukua nafasi ya bodi ya kiwanda, ni ile iliyoitwa Phantom, iliyoundwa na wanajumuiya wa jukwaa la mtandaoni la GeekHack katika miaka ya 2011 na 2012. Kibodi iliyolengwa ilikuwa Filco Majestouch isiyo na sehemu ya tarakimu upande wa kulia, yenye vitufe 87, iliyokuwa ikiuzwa na kampuni ya Kijapani Diatec na kutengenezwa Taiwan na kampuni ya Costar. Filco ilipendwa kwa uimara wake, lakini bodi yake ilikuwa na mpangilio mmoja usiobadilika na chipu isiyopangika. Walioichora Phantom waliipima bodi hiyo, wakabakiza umbo lake na mahali pa mlango wake, kisha wakaijaza matundu ya ziada ili mwenyewe aweze kuchagua mpangilio wa Marekani, wenye kitufe cha Enter kilicholala, au wa Ulaya, wenye Enter iliyosimama na kitufe kimoja zaidi upande wa kushoto, au ule wa kale wenye mkwaju mrefu wa nafasi, yaani kitufe cha kutenganishia maneno. Kwa upande wa kufikiri hawakuunda chipu mpya. Waliacha nafasi ya kulehemia Teensy 2.0, bodi ndogo ya kampuni ya PJRC ya Oregon, inayobeba chipu ya ATmega32U4. Uteuzi huo ulikuwa wa busara sana. Chipu hiyo ina USB ndani yake na miguu 26 inayoweza kutumika, na kibodi ya safu 6 na safuwima 17 huhitaji 23, kwa hiyo ilitosha bila kubana.

Jinsi Phantom ilivyonunuliwa nayo inafaa kutajwa, kwa kuwa ilikuja kuwa desturi ya kazi nzima. Hapakuwa na duka lililokuwa tayari kuweka mamia ya bodi rafuni likisubiri wateja wasiojulikana. Wanaoitaka walijiandikisha, wakalipa kabla, na fedha zao zikakusanywa kulipia kiwanda kwa mkupuo mmoja, mtindo ambao msomaji aliyewahi kuingia katika mchezo wa upatu ataitambua roho yake mara moja: kila mmoja hutoa akiamini kwamba mkusanyaji hatatoroka na kwamba zamu yake itafika. Hasara ya mtindo huo ni kwamba bodi hutengenezwa mara moja tu. Aliyenunua kasha miaka mitatu baadaye, au ambaye bodi yake imeungua, hukuta mlango umefungwa, na huo ndio mzizi wa shida ya vipuri katika kibodi za kuagizwa kuliko kasoro yoyote ya kiufundi. Diatec yenyewe ilifunga biashara Aprili 2024, na kibodi zake zikaingia katika kundi la vitu ambavyo uhai wake unategemea michoro iliyoachwa wazi na watu wengine.

Ukoo wa pili, na mkubwa zaidi, ulianza na kibodi ndogo iitwayo Poker ya kampuni ya KBC, iliyokuwa na vitufe 61 tu, bila safu ya F wala mishale. Bodi yake ilishikiliwa na skrubu zilizopita katikati ya matundu ya bodi yenyewe na kuingia katika vinguzo vilivyosimama sakafuni mwa kasha, mtindo ambao ni rahisi kutengeneza na pia rahisi kuiga, kwa sababu kasha lolote lenye vinguzo mahali palepale litaipokea bodi yoyote yenye matundu mahali palepale. Wanajumuiya walewale wa GeekHack walipochora bodi ya wazi ya ukubwa huo, wakaiita GH60, waliifuata Poker katika matundu ya skrubu na katika mlango wa USB upande wa nyuma kushoto, ili wasilazimike kuunda kasha. Vipimo vyake, milimita 285 kwa 94.6, vinaonyesha hesabu iliyo nyuma yake: yuniti 15 kwa 5 ni milimita 285.75 kwa 95.25, na bodi imepunguzwa kidogo kila upande ili isikwame kwenye kuta. Kwa kuwa michoro ilikuwa wazi, viwanda vya China vilianza kuitoa kwa bei ya chini, pamoja na vizazi vyake kama DZ60 ya KBDfans, na wachongaji wa makasha ya plastiki, mbao na aluminiamu wakafuata. Poker ya asili imekwisha kusahauliwa na wengi, lakini vinguzo vyake bado vinaamua skrubu ikae wapi katika makasha ya watu ambao hawajawahi kuiona.

Palipo na ukoo wa Poker, kupata bodi mbadala ni kazi ya kununua. Palipo na makasha yasiyo ya ukoo wowote, hasa yale ya bei kubwa yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo, ni kazi ya upelelezi, na ugumu wake uliongezeka kadiri waundaji walivyoacha skrubu za sakafuni. Walianza kulifunga bamba kwenye sehemu ya juu ya kasha, kisha wakaanza kulilaza juu ya vipande laini vya mpira ili sauti na mguso viwe vizuri zaidi. Katika mitindo hiyo bodi haishiki kitu chochote bali inaning'inia chini ya bamba kwa miguu ya swichi. Kwa upande mmoja jambo hilo lilirahisisha mambo, kwa kuwa bodi isiyo na skrubu haihitaji matundu. Kwa upande mwingine lilihamishia ugumu wote kwenye kingo, yaani pale bodi inapopitana na nguzo za kasha, na kwenye mlango wa USB, ambao ukisogea milimita mbili tu hautakutana na tundu lililochongwa katika chuma.

Suluhisho la mlango huo, lililoenea mwishoni mwa miaka ya 2010, huenda ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyofanywa kwa ajili ya vipuri vya kibodi tangu GH60. Mlango uliondolewa katika bodi kuu na kuwekwa kwenye bodi ndogo ya pembeni inayofungwa kwa skrubu zake ndani ya kasha na kuunganishwa na bodi kuu kwa waya mfupi wa nyuzi nne. Na mchoro uitwao Unified Daughterboard ulipochapishwa wazi, waundaji wengi wakakubali kuufuata badala ya kila mmoja kujitungia wake. Mlango ukivunjika, sehemu inayobadilishwa ni ya bei ndogo na haina swichi hata moja ya kung'oa. Bodi kuu ikifa, bodi nyingine yoyote inayolingana na bamba inaweza kuchukua nafasi yake bila kujali mlango ulikuwa wapi. Inasikitisha kwamba wazo jepesi kiasi hicho halikuja miaka kumi mapema, kabla ya makasha mengi mazuri kuzaliwa yakiwa yamefungwa na milango yao.

Mpangilio wa vitufe nao una historia yake ndani ya bodi. Kabla ya kitufe cha Windows kuingia katikati ya miaka ya 1990, safu ya chini ya kibodi nyingi ilikuwa na mkwaju wa nafasi wa yuniti 7. Vitufe vipya vilipodai nafasi, mkwaju ulipunguzwa hadi yuniti 6.25. Vitufe virefu kama hivyo huhitaji visawazishi, yaani vijiti vya waya vinavyozuia upande mmoja usizame mwingine ukabaki juu, na miguu ya visawazishi vya mkwaju wa kale huachana milimita 114.3 wakati ile ya mkwaju mpya huachana milimita 100. Bodi ya kuhudumia makasha mengi ilibidi itobolewe kwa ajili ya zote mbili, na kwa ajili ya mipangilio mingine kadhaa, mpaka sehemu zake nyingine zikafanana na kichujio. Kisha, karibu mwaka 2018, soketi ndogo za Kailh zilianza kuenea, zikimwezesha mtu kuchomeka swichi bila kulehemu, na mwelekeo ukageuka: soketi huchukua nafasi nyuma ya bodi, mbili haziwezi kupishana mahali pamoja, na kwa hiyo bodi ya soketi huwa na mpangilio mmoja au miwili tu. Anayenunua bodi ya namna hiyo kwa ajili ya bamba lililokatwa kwa mpangilio mwingine hugundua kosa lake akiwa amekwisha kulipa. Hata unene una neno, kwani visawazishi vya kubana vilibuniwa kwa bodi ya milimita 1.6, na bodi nyembamba ya milimita 1.2 ambayo baadhi ya waundaji huipenda kwa ulaini wake huviacha vikicheza, isipokuwa vile vya kufungwa kwa skrubu.

Uhaba wa chipu uliozikumba nchi zote kuanzia mwishoni mwa 2020 uliijaribu kazi hii kwa namna yake. ATmega32U4, ambayo kwa karibu muongo mzima ilikuwa imechorwa katika bodi moja baada ya nyingine bila mtu kufikiria mara mbili, ilikosekana au ilipatikana kwa bei isiyoingia akilini, na michoro iliyokuwa wazi ikawa haina faida kama kiungo chake kikuu hakipo. Waundaji walihamia chipu za STM32, na wengi zaidi walihamia RP2040, iliyotolewa na Raspberry Pi Januari 2021, yenye bei ndogo na miguu ya kutosha. Waliochora bodi zao upya walitumia nafasi hiyo kuongeza ulinzi dhidi ya umeme tuli na fyuzi kwenye njia ya USB, mambo ambayo bodi nyingi za zamani hazikuwa nayo, kwa hiyo mara nyingi bodi mbadala iliyokuja baada ya uhaba ni bora kuliko ile inayoizibia pengo.

Kwa makasha ambayo hayana bodi inayouzwa popote imebaki njia ya kuchora upya, na njia hiyo si ya wahandisi wa viwanda peke yao tena. KiCad, programu ya kuchorea saketi iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992 na kusaidiwa baadaye na maabara ya CERN, hupatikana bila malipo. Viwanda vya Shenzhen hupokea faili za michoro kupitia intaneti na kurudisha bodi baada ya siku chache. Mchoraji huanza na bodi iliyokufa kama anayo, au na bamba kama hana: anapima kutoka kitovu cha tundu la swichi moja linalojulikana, kwa kuwa matundu yote yako katika gridi ya milimita 19.05 na hayadanganyi, kisha anatafuta kutoka hapo umbali wa kila ukingo, kila nguzo na mlango. Huchapa mchoro kwa ukubwa halisi kwenye karatasi, anaukata kwa mkasi, na kuulaza ndani ya kasha ili aone unapogota kabla hajatumia hata senti moja kiwandani. Akiridhika huagiza, na hapo hukutana na kanuni ya viwanda hivyo kwamba bodi haziagizwi moja moja bali angalau 5. Moja huingia katika kasha lililoanzisha kazi yote. Nyingine nne husafirishwa, mara nyingi kwa gharama ya posta tu, kwa watu wanne walio na kasha lilelile ambao mchoraji hajawahi kuonana nao, na faili za mchoro huachwa mahali pa wazi pamoja na vipimo vyake, ili atakayekuja kuvunjikiwa baada yao asilazimike kuanza tena na kalipa.